Spika ya sauti mu nyumba ya Lubumbashi: namna ya kuipatia kazi ya kweli

Swali limetoka kwa mama moja wa Kampemba, hapa hapa Lubumbashi. Ndugu yake wa Bruxelles alimutumia Echo Dot, ile spika kidogo ya Alexa, pamoja na ampuli mbili za wifi na prizi moja ya wifi. Anaandika hivi: "Tunaitumia paka kwa kuuliza saa na kucheza muziki. Batoto banaongea nayo Kifaransa bila shida, lakini kambo yao, mama yangu, Kifaransa hasikii, basi hata haisogelei. SNEL ikikata umeme kila kitu inavurugika, ampuli zinawaka zenyewe katikati ya usiku. Na batu banasema inasikiliza yote tunasema mu nyumba. Kuko kitu ingine ya maana inaweza kufanya, ao niiuzishe tu?"

Mama, usiiuzishe. Ile spika haijaanza kazi bado, na si kosa yako, juu ilitengenezwa na batu wenye nyumba yao umeme haikatiki na kila mutu mu nyumba anaongea luga moja. Hapa kwetu inabidi uipange kwanza kulingana na maisha yetu, na ile mipango hakuna anakupatia mu karto wakati unaifungua. Na nakuomba kitu moja: kabla hujaongeza hata ampuli ingine moja, fanya haya yote na vile uko navyo.

Tuanze na umeme, juu bila ule hakuna ingine itasimama. Ampuli ya wifi haizimwi ku ukuta kama ampuli ya kawaida, inabakia na umeme muda wote ikingojea amri. Sasa fabriki nyingi zinaitosha ikiwa imepangwa kuwaka kila mara umeme unarudi, juu banafikiri mutu akiwasha ku ukuta anataka mwangaza. Kwetu umeme unarudi saa nane ya usiku kisha delestaji, ampuli inadhani mutu amewasha, na nyumba muzima inaamuka. Fungua aplikasio ya ampuli yenyewe, si ile ya Alexa, ingia mu mipangilio ya kila ampuli, utafute mahali panaongea juu ya hali yake wakati umeme unarudi. Mara nyingi kuko chaguo tatu: kuwaka, kubakia imezimika, ao kurudilia vile ilikuwa mbele umeme haujaenda. Kwa ampuli chagua ya tatu. Kama aplikasio yako haina hiyo chaguo, angalia kama kuko mise à jour ya ampuli, wakati mwingine inakuja na ile.

Kwa prizi, na hapa nakuomba sana Mama, chagua ibakie imezimika. Fikiri mutoto ameacha pasi kwa ile prizi, umeme ukakatika, akasahau, mukaenda kanisa, kisha umeme ukarudi hakuna mutu mu nyumba. Nyumba zinaungua hivyo. Na resho usiitie kwa prizi ya wifi hata kidogo. Angalia nyuma ya prizi, imeandikwa A ngapi: kama ni 10, zidisha na 220 unapata wati 2200, na resho ya masahani mbili inaweza kupita hapo mbiyo, tena inabakia juu saa nzima, si dakika mbili. Prizi inapata moto, plastiki inaanza kulainika. Ile prizi ni ya lampe, ventilateri, redio, chaja ya simu, basi.

Ya kwako ilitoka Bruxelles, iyo ni bahati, juu Ubelgiji iko na volti 230 na prizi zao ni sawa na nyingi za kwetu. Lakini mutu akikuletea ya Marekani, soma kwanza: kama imeandikwa 120V peke yake, usiichomeke hata kwa kujaribu, itaungua palepale. Zile zinapitia Kasumbalesa kutoka Afrika Kusini, umeme wao unaendana na wetu lakini miguu ya prizi ni tofauti, na adaptateri za bei ya chini zinashika vibaya na kupata moto.

Sasa spika yenyewe. Batu mingi hawajui kwamba akili yake haiko ndani ya ile kitu ya duara. Ndani kuko paka uwezo wa kutambua jina "Alexa", maneno yote ingine inatumwa ku seva za Amazon kwa intaneti, inafahamika kule, na jibu inarudi. Basi umeme ukienda, hata kama spika ingekuwa na batri, bila modemu ya wifi haifanyi kitu. Modemu njo unapashwa kuokoa kwanza. Nyingi zinatumia volti 12 na wati karibu 10 tu, na spika wakati imetulia inakula wati mbili tatu hivi, hata kama chaja yake imeandikwa 15. Chukua batri kidogo ya 12V 7Ah, ile ya alarme, iko na Wh 84. Batri ya aina hii haipendi kumalizwa, basi tumia nusu yake, 42, gawanya na 13 (wati 10 za modemu na 3 za spika), unapata kama saa tatu. Saa tatu za wifi mu delestaji, simu za batoto nazo zinafaidika. Kama kwako kuko tayari konvertiseri na batri kubwa, ni rahisi zaidi: peleka modemu na spika ku laini moja na ile ya konvertiseri na umemaliza. Uulize tu fundi asome chini ya kila kitu volti na ampere mbele ya kuunganisha, juu mafishi ya duara inafanana sana na volti hazifanani.

Kitu ingine ya haraka: ampuli nyingi za wifi zinajua paka wifi ya 2.4 GHz. Kama siku moja mutabadilisha modemu na ampuli zikatae kuungana, angalia kwanza kama modemu inatoa ile wifi ya 2.4.

Na saa. Inchi yetu iko na saa mbili, Kinshasa iko nyuma yetu saa moja. Mu aplikasio, mutu akichagua Kinshasa kama muji, spika itaamusha batoto saa moja nyuma ya wakati na shule imeanza. Ingia mu mipangilio ya Echo, chagua fizo orere ya Lubumbashi, na kama haiko mu liste, chagua Lusaka ao Kigali ao Johannesburg, zote ziko na saa sawa na yetu.

Sasa tuje kwa kambo, juu mi naona pale njo kuko kiini ya swali yako. Alexa haisikii Kiswahili, na ile ya Google haina Kiswahili mu spika zake pia, Siri vilevile. Batu banasimama hapo banasema basi, ni kitu ya benye kusoma. Hapana. Kuko njia, na inafanya kazi vizuri kama unaifwata pole pole.

Alexa inakubali kitu inaitwa rutini: wewe unaandika maneno, na unaamua kitu gani itafanya ikisikia ile maneno. Maneno inaweza kuwa yoyote. Shida ni kwamba sikio yake ni ya Kifaransa, kambo akisema "lala salama" yeye anaandika vile Mufaransa angeandika. Basi tumia sikio yake vile iko. Mwambie kambo akae karibu na spika, aseme "Alexa, lala salama" kwa sauti yake ya kila siku, mara tano, na apumuzike katikati. Itajibu kwamba haisikii, muache. Kisha fungua aplikasio, ingia mu mipangilio, mu sehemu ya confidentialité, ufungue istoria ya sauti. Pale utaona kila mara iliandika nini: labda "la la salama", labda "là-là Salamat", labda kitu ingine kabisa. Ile maneno inarudia mara mingi, njo uiandike mu rutini kama maneno ya kuamusha, na rutini inakubali zaidi ya moja, basi weka mbili tatu. Kisha amri: zima ampuli zote, zima prizi, punguza sauti. Kambo akisema lala salama, nyumba inalala.

Kama istoria inaonyesha mambo tofauti kila mara, badilisha maneno, usimubadilishe kambo. Maneno marefu kidogo yenye vokali wazi inashikwa vizuri kuliko neno moja fupi. "Washa taa" ni fupi na inapotea, "washa mwangaza ya salon" inakuwa na nafasi zaidi juu kuko "salon" ndani, neno inajua tayari. Changanya hivyo, si ndio vile tunaongea kila siku? Na kama jina "Alexa" inamusumbua, mu mipangilio unaweza kuweka "Echo" ao "Amazon" kama jina ya kuiita. Batu wazima wengine "Echo" inabatokea vizuri zaidi.

Kisha mufanye spika naye aongee na kambo. Mu rutini kuko amri ya kumufanya Alexa aseme maneno umeandika. Weka rutini ya saa, si ya sauti: kila siku saa mbili ya asubui, ikumbushe dawa ya tensio. Ukiandika "Kambo, saa ya dawa imefika" kawaida, atasoma kwa Kifaransa na itakuwa mbaya kusikiliza. Andika vile Mufaransa anasoma: kila u iwe "ou", kila e iwe "é", ch iwe "tch", na s katikati ya vokali mbili uizidishe, juu "sasa" atasoma "saza", andika "sassa". Basi "imefika" inakuwa "iméfika", "chakula" inakuwa "tchakoula". "Kambo" itamutoka mu pua, jaribu "kamm-bo" na usikilize mpaka ifanane. Ni kazi ya dakika chache na batoto banaipenda sana, bape ile kazi. Lakini ujue: kama ile saa umeme haiko, rutini inapita tu, haitakumbuka kuisema baadaye. Kwa dawa weka na rapeli mu simu yako pia. Dawa si kitu ya kuachia spika peke yake.

Na kuko kitu hata haiombi luga yoyote. Mu aplikasio, sehemu ya kuwasiliana, kuko annonce. Uko ku kazi mu muji, unafungua simu, unaongea kwa sauti yako, Kiswahili yako safi, na sauti yako inatoka mu spika ku nyumba: "Mama, nitachelewa, musinigojee kwa chakula." Haitafsiri, haifikiri, inachukua sauti na kuileta. Kambo hana haja ya kushika simu, wala kujua kusoma. Mi naona ile peke yake inatosha kubakiza spika mu nyumba.

Kwa jikoni, acha kutumia spika kuuliza saa, itumie kuhesabu wakati, na upatie kila wakati jina yake. Batoto baseme "Alexa, mets un minuteur sombe de quarante minutes" na ingine "minuteur mayi de vingt minutes" wakati bidon zinajaa ku robine, na zote mbili zinatembea pamoja bila kuchanganyika. Robine ikiachwa wazi usiku unajua vile inakuwaga. Na liste ya kununua: mutu anaona chumvi imeisha, anasema palepale, "ajoute sel à la liste", na ukifika ku soko ya komine Kenya unafungua aplikasio mu simu, yote iko pale. Hii vitu mbili, minuteri na liste, ndio batu wenye kuzoea spika banatumia kila siku, kuliko hata ampuli.

Majina ya vitu nayo inasaidia. Kama ampuli moja inaitwa "lampe", ingine "lampe 2", na prizi "lampe salon", Alexa itauliza kila mara unataka gani, na batoto batachoka. Patia kila kitu jina moja fupi haifanani na ingine, kisha zipange mu vikundi kwa chumba, na utie spika yenyewe mu kikundi ya chumba iko ndani. Ukifanya hivyo, mutu akisema "allume la lumière" bila kutaja jina, itawasha ampuli za chumba ile ile.

Mega sasa, juu ulisema munacheza muziki. Kuuliza maswali na kuwasha taa inakula kidogo sana, usiogope. Muziki njo inakula: ikicheza kwa 160 kbps, saa moja ni mega 72 hivi, na kwa siku ya mapumuziko spika ikicheza kutoka asubui mpaka magaribi, hesabu mwenyewe. Mu mipangilio ya aplikasio ya muziki, teremsha kalite, kwa spika kidogo sawa ile sikio haitaona tofauti kubwa. Ao, na hii ni nzuri zaidi, unganisha simu na spika kwa Bluetooth, sema "Alexa, connecte mon téléphone", na cheza nyimbo ziko tayari mu simu. Muziki ile haikuli mega hata moja.

Ile neno ya kusikiliza. Sitakuambia ni uongo kabisa, juu haiko uongo kabisa. Mikrofoni inasikiliza muda wote kutafuta jina yake, ile kazi inafanyikia ndani ya spika. Ikidhani imesikia jina, taa ya bulu inawaka na toka pale inatuma sauti. Wakati mwingine inadanganyika, televizio inasema neno karibu na "Alexa" na inaamuka. Na ujue kwamba tangu tarehe 28 Machi 2025 Amazon ilitosha ile chaguo ya kuzuia sauti isitumwe ku seva zao, basi sasa kila amri inaenda. Mu 2023 pia, huko Marekani, walikubali kulipa dola milioni 25 mu kesi ya kubakiza sauti za batoto kupita vile sheria inaruhusu. Kwa hiyo fanya hivi: mu confidentialité chagua kwamba rekodi zisibakizwe, ao zifutwe zenyewe. Spika ibakie mu salon ao jikoni, si mu chumba cha kulala. Wakati kuko wageni ao mambo ya familia, bonyeza bouton ya mikrofoni juu yake, taa inakuwa nyekundu, na pale mikrofoni imekatwa kweli. Funga pia ununuzi kwa sauti, na ile kazi inaruhusu mutu wa inje kuingia mu spika bila kupokelewa, inaitwa Drop In, kama hamuitumii.

Kama mu familia kuko kijana anapenda informatike, kuko njia ingine, na mi naiamini sana kwa siku zinakuja. Inaitwa Home Assistant, ni programu ya bure, mwenye kuianzisha ni Paulus Schoutsen mu 2013, inatembea ku ordinateri kidogo sawa Raspberry Pi ndani ya nyumba yako mwenyewe, na taa nyingi zinasikia hata kama intaneti imekufa, mradi modemu iko na umeme. Kwa kusikia, inaweza kutumia Whisper, programu ya kugeuza sauti kuwa maandiko, iliyotoka mu 2022 na inajua Kiswahili, na kwa kuongea kuko Piper, na mu sauti za Piper kuko moja ya Kiswahili yenye alama sw_CD. Ile CD ni alama ya inchi yetu, Congo. Nilifurahi sana kuiona. Lakini nikuambie ukweli: ku mashine kidogo Whisper inaenda pole, unasema na kungojea sekunde kadhaa, na Kiswahili yetu ya Lubumbashi yenye Kifaransa ndani inaichanganya. Inafanya vizuri zaidi ukiipatia mashine yenye nguvu kidogo na amri chache wewe mwenyewe umeandika. Kijana wa informatike atapenda ile kazi, mutu mwenye kutaka tu taa iwake asianzie pale. Na kama mutu anataka Kiswahili yetu isikike vizuri mu hizi mashine, kuko Common Voice ya Mozilla, pale batu banasoma mafungu na kutoa sauti yao bure, na mashine zinajifunza kutoka hizo sauti. Sauti za huku kwetu ziingie mule kwa wingi.

Ulizo ya mwisho ungeniuliza najua, ni kitu gani ya kuongeza. Batri ya modemu kwanza. Kisha, kama uko na klimatizeri ao televizio ya zamani yenye telekomande, kuko kijisanduku cha infraruji, Broadlink na wengine banatengeneza, kinajifunza telekomande zako na Alexa inaviamuru, bila kubadilisha televizio. Ila klimatizeri, umeme ukirudi, ngojea dakika tano hivi mbele ya kuiwasha, kompresa haipendi kustuliwa. Spika ya pili, kwa chumba ya kambo, inunue paka siku atakuomba mwenyewe.